Kona Chini ya Sinki

Sinki ilinuka omena mbichi, na kwa Okal hakuna aliyepika samaki tangu wamzike binti yao Sharlyne. Okal ni fundi wa bomba hapa Busia mjini. Alimwaga maji moto, akaenda zake kazini. Jioni mkewe Wilkista alimwambia kwa sauti ya chini, macho yakimng'aa, kwamba mtoto anaongea ndani ya paipu.

Okal hakucheka. Alijua kosa ni la nani. Kwao Sio Port, nguo za mtu aliyechukuliwa na ziwa huoshwa ziwani hukohuko, hazivuki mlango wa nyumba zikiwa na maji yale. Wilkista ni wa Butula, mtu wa mashamba, angejulia wapi? Siku Sharlyne alipoopolewa ziwani, alilikumbatia gauni la bintiye likiwa bado limelowa, na Okal hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Wilkista akalisuuza kwenye sinki, maji yakateremka na kilichokuwemo.

Wiki tatu zilitosha kumkondesha Wilkista akabaki mifupa. Kila asubuhi aliamka nywele zikichuruzika, kifua kikikoroma maji. Ndipo akaitwa Mama Zilpa, mwombezi wa wavuvi kutoka Sio Port. Alishika paipu chini ya sinki, akaondoa mkono haraka.

"Huyu si mtoto wenu," alinong'ona. "Ni jini, amejifunza tu sauti yake. Toa paipu yote uirudishe ziwani leo. Kipande kimoja kikibaki, atammaliza huyu mama."

Saa sita mchana Okal alipiga magoti. Paipu ya plastiki ikishashikana kwa gundi haifunguki, na hii aliigandisha mwenyewe, Sharlyne akimshikia kopo la gundi huku amejiziba pua. Hakukuwa na njia ila kukata pande zote mbili za kona, kile kipande kilichopinda chini ya sinki. Msumeno ulipogusa plastiki harufu ya omena ilimpanda kooni, na kutoka ndani ikaja sauti ileile ya Sharlyne yenye kitembe, ikamwita polepole kama mtoto aliyetoka usingizini, kisha ikalia, ikazidi kulia kila msumeno ulipokwenda na kurudi, huku Wilkista amemng'ang'ania mgongoni akimsihi aache, na yeye Okal akikata, akilia, akikata.

"Baba, unaniumidha."

Alikata mpaka mwisho. Halafu alitoka nje kutapika, na aliporudi Wilkista alikuwa ameshamtilia vipande guniani na kulifunga. Okal alimshukuru moyoni. Yeye na Mama Zilpa wakapanda bodaboda hadi Sio Port.

Ufukweni walimwaga gunia. Ilianguka paipu ndefu, kikaanguka na kipande kilichokuwa kimeingia ukutani. Kona haikuwemo.

Okal alifika nyumbani jua likiinama. Wilkista alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha mtoto, sikio juu ya kitu alichokiviringisha ndani ya gauni lile. Maji yalidondoka kutoka godoroni hadi sakafuni. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Polepole, Baba Sharlyne," alinong'ona. "Umemuumiza vya kutosha. Ndiyo sasa amelala."

Okal alinyoosha mkono. Alimtazama mkewe usoni, akajua lazima amnyang'anye, na hakuwa na moyo.