Dedo ya Nyumba ya Pelagia

Kila asubuhi Nanuli alifanya kazi ileile. Alikamua ng'ombe, akachemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie. Kisha alichota mtindi wa jana kwa upawa, akaukoroga ndani ya maziwa. Alimimina kwenye chupa pana, akazifunika kwa blanketi la sufu. Mtindi huo wa jana, ambao watu wa kijijini kwao huuita dedo, ndio uliogandisha maziwa ya leo.

Dedo hiyo alikabidhiwa na mama mkwe wake, Pelagia, wiki aliyoolewa. Kijiji kizima kilijua kuwa hakuna mtindi mtamu kama wa nyumba hiyo. Nanuli alipenda kijiji kiendelee kujua hivyo.

Siku moja alifunua blanketi akakuta majimaji.

"Dedo imechoka," alisema. Kesho yake akatia pawa mbili za majimaji hayohayo. Keshokutwa yake akatia tatu. Hali ikazidi kuwa mbaya. Stooni ilibaki chupa moja ya mtindi mzuri wa wiki iliyopita. Akaufuta upawa kwa aproni, akachota humo. Maziwa hayakuganda, na chupa hiyo nayo ikaharibika.

Pelagia alikuwa na miaka themanini na sita. Meno yalikwisha, na hamu ya chakula pia. Alichotaka ni mtindi tu, na mkate wa mahindi wa kuchovya.

"Mwanangu, mtindi wangu uko wapi?" aliuliza kutoka kitandani.

"Unaganda, mama."

"Siku ya nne hii! Unaganda mpaka Krismasi?"

Nanuli alibeba chupa akaenda kwa Eteri, nyumba ya tatu. Eteri alifanya kazi miaka thelathini katika maabara mjini Tbilisi. Sasa alikuwa amestaafu, akipalilia vitunguu vyake.

"Dada Eteri, nimetupiwa kijicho. Tazama!"

Eteri alinusa chupa. "Kijicho hakiharibu maziwa. Hiki ni kirusi."

"Virusi si vya watu?"

"Hata bakteria wanaugua, mdogo wangu. Mtindi wako unagandishwa na bakteria wazuri. Kuna virusi vinavyowashambulia hao tu, wewe havikugusi. Kule maabara tulivifuga vile vinavyoua bakteria wa vidonda, tukatibia watu. Hivi vyako vinaua bakteria wa maziwa."

"Kitu kidogo hivyo kimemalizaje chupa nzima?"

Eteri alishika zipu ya koti lake. "Kirusi hakina jiko wala vyombo. Kina gamba, na ndani yake uzi unaoitwa DNA. Uzi huo una maagizo ya kutengeneza kirusi kingine. Kinamng'ang'ania bakteria, kinamchoma, uzi unaingia ndani. Uzi una pande mbili, kama zipu hii. Unafunguka." Akaifungua. "Kila upande wa zamani unajengewa mwenzake mpya. Zipu moja inakuwa mbili. Mbili zinakuwa nne. Na vifaa vya kujengea ni vya bakteria mwenyewe."

"Hajui kwamba anajimaliza?"

"Ajue wapi? Anasoma maagizo, anatii. Mgeni huyu hangoji siku ya tatu apewe jembe. Anamshikisha jembe mwenyeji! Kwa virusi vingi, baadaye nakala hutoka zikiwa zimeungana, uzi mmoja mrefu sana. Unakatwa vipande, na kila kipande kinashindiliwa ndani ya gamba jipya. Haipiti saa moja au mbili, bakteria anapasuka. Kimeingia kimoja, vinatoka hata mia, na vyote vinatafuta bakteria wengine."

Nanuli alikaa kwenye ngazi. "Na mimi nikawa naongeza pawa."

"Ukawa unavibeba mwenyewe. Upawa ukavifikisha mpaka stoo."

"Sasa nifanyeje?"

"Majimaji hayo yamwage mbali na jiko. Chemsha vyombo, upawa na vifuniko, maji yatokote robo saa. Tafuta dedo mbili kutoka nyumba mbili. Leo tumia hii, kesho ile. Bakteria wake wakiwa wa aina nyingine, kirusi hiki hakiwawezi. Na ile yenu ya zamani, kaiombe kwa mtu uliyewahi kumpa. Ulimpa nani?"

Nanuli aliinuka kwenye ngazi. Uso ulimwaka.

Alikuwa amempa mtu mmoja tu, jirani yake Tsiala, majira ya kuchipua. Tsiala aliomba mara tatu. Nanuli hakutaka kusema hapana, na hakutaka kutoa. Alichemsha mtindi kidogo mpaka bakteria wake wakafa, akaupoza, akampa huku akitabasamu.

Alimkuta Tsiala akianua nguo.

"Ile dedo niliyokupa..."

"Ile? Haikugandisha hata mara moja, shoga. Nikasema labda mkono wangu mbaya. Nikarudia ya kwa mama yangu."

"Mkono wako hauna kosa. Niliichemsha."

Tsiala aliikunja shuka polepole, akaikunja tena. Kisha aliingia ndani, akatoka na chupa iliyojaa mpaka shingoni.

"Chukua," alisema. "Hii haijachemshwa."

Dedo ya pili Eteri alimwombea kwa binamu yake. Nanuli alichemsha kila chombo. Siku ya kwanza mtindi uliganda, kijiko kikasimama wima. Tangu hapo haujaharibika tena, na kila anayeomba dedo katika nyumba hiyo huondoka na chupa iliyo hai.

Lakini ladha ile ya zamani haikurudi.

Siku ile ya kwanza Pelagia alionja, akafumba macho, akaonja tena.

"Mtamu. Wa nani huu?"

"Wa Tsiala, mama."

"Ana moyo mwema. Basi na wewe mpelekee wetu. Asije akasema nyumba hii ina choyo."

Nanuli alimpangusa mdomo kwa kitambaa.

"Ndiyo, mama," alisema. Hakuwa tena na wa kwao wa kupeleka.