Taji la Buluu la Komunyo

Jumamosi asubuhi Umutesi alikuwa akifua nguo uani kwao mjini, mtaa wa Mabanga, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye kikapu alichokuja nacho jana kutoka kwa nyanya yake, milimani Masisi. Ndani mlikuwa na mmea mdogo, ndugu wa kangaga, unaotambaa chini ya miti penye unyevu. Kule msituni majani yake yaling'aa buluu hata ukadhani yamepakwa rangi. Umutesi alikuwa amemwahidi mdogo wake, Daniella, taji la buluu la komunyo ya kwanza, na mtaa mzima ulikwisha kusikia.

Alipofunua kikapu juani, moyo ukampiga paa. Majani yalikuwa ya kijani tupu!

"Bleu iko wapi?" aliuliza Daniella, karibu alie. "Hii si majani ya mbuzi?"

"Ngoja, utaona."

Aibu ilimbana Umutesi. Akachukua unga wa buluu wa kufulia nguo nyeupe, akaukoroga na maji kidogo, akayachovya majani humo, kisha akayasuka. Taji likapendeza ajabu.

Jumapili, watoto wakiwa wamejipanga nje ya kanisa, manyunyu yakaanza. Mara watu wakapiga kelele. Michirizi ya buluu ilikuwa ikishuka usoni mwa Daniella hadi kwenye kanzu yake nyeupe, tena ya kuazima!

"Yesu wangu!" alimaka Mama Élisabeth, katekista. "Daniella, umecheza na bleu siku ya leo? Toka kwa mustari! Utangoja mwaka kesho."

Daniella akaanza kutoka kwenye mstari. Umutesi angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Mama, si yeye! Ni mimi nilipaka majani. Niliogopa watu watasema nimedanganya."

"Basi Daniella abaki," alisema Mama Élisabeth. Kisha akaomba beseni la maji, wakaifikicha ile kanzu mpaka doa la mwisho likatoka. Daniella aliingia kanisani na kanzu mbichi, kichwa wazi, akitabasamu.

Baada ya misa Mama Élisabeth alimwita Umutesi kando.

"Mutoto wangu, mimi pia ni mutu wa Masisi. Ile bleu iko kweli, nimeiona tangu utoto. Inaonekana penye kivuli na baridi; kwa jua inapotea. Ulikuwa na ukweli mukononi, ukaupaka uongo. Siku ingine watu wakikucheka, acha wacheke. Sema tu vile uliona."