Kopo la Kibonge

Kila asubuhi, jua likiwa bado liko nyuma ya mapaa, watoto wadogo walianza kuletwa nyumbani kwa Shangazi. Wengine walikuja mgongoni, wengine walishikwa mkono huku wakilia, na mmoja, binti wa fundi cherehani, alifika kila siku akiwa amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Mama zao walipokwenda kazini, Shangazi alibaki nao hadi jioni. Alikuwa na chumba kikubwa chenye mikeka, ua wenye kivuli, na jiko la nje. Mbele ya jiko hilo alikuwa amechora mstari mweupe wa chokaa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuuvuka.

Likizo hiyo alikuwa na msaidizi, binti wa kaka yake, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Kila mtu alimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo wake, Kibonge, alikuwa miongoni mwa watoto waliolelewa hapo. Jina hilo alilipata alipokuwa mchanga mwenye mashavu. Sasa alikuwa na miaka mitatu na nusu, na mashavu yenyewe yalikuwa yamekwenda. Alikuwa ametoka kuugua tumbo, na mikono yake ilikuwa imebaki kama njiti.

"Huyu tutamrudishia mwili wake taratibu," Shangazi alisema, "kwa chakula tunachojua kimetoka wapi."

Ndiyo maana unga wa uji aliutengeneza mwenyewe kwa mahindi, mtama na karanga. Wala hakuwafukuza watoto kwenye kazi hiyo. Aliwakalisha kuuzunguka ungo, wakanawa mikono, wakachambua karanga pamoja naye. Nzuri zilibaki kwenye ungo. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zilitupwa. Aliugeuza kuwa mchezo.

"Ikiwa chungu?" aliwauliza.

"Tunatema," walijibu kwa pamoja, na wengine walitema mate kabisa ili kuonyesha mfano.

Usiku mmoja mvua ilinyesha, na paa likavuja pembeni mwa stoo. Gunia la karanga likalowa upande mmoja. Shangazi aliziona, akazianika, kisha akamwita Chiriku.

"Mama, hizi zichambue moja moja. Ukiona mbovu ni nyingi, usihangaike nazo, niambie tuzitupe zote. Ukimaliza, changanya na nafaka, upeleke mashineni. Unga wa jana umekwisha."

"Sawa, Shangazi."

Chiriku akakaa chini na ungo. Kibonge akaja na kopo lake tupu la maziwa, akachuchumaa kando ya dada yake. Alichambua kwa makini, ulimi umetoka nje. Kila alipopata karanga mbovu aliinua juu, akaikagua kwenye mwanga, akasema, "Mbaya hii," kisha akaidondosha ndani ya kopo. Ko. Nyingine. Ko.

Nje ya uzio, wasichana wa mtaani walikuwa wakiruka kamba.

"Chiriku, huji?" mmoja akaita. "Au umekuwa bibi wa karanga?"

Wenzake wakacheka. Chiriku akautazama ungo. Alikuwa hajafika hata robo. Mbovu zilikuwa nyingi, nyingine zimeota ukungu wa kijanikijani kama vumbi. Alijua alipaswa kumwambia Shangazi, lakini Shangazi alikuwa ndani akiwaogesha watoto, na kumwambia kulimaanisha kuanza upya na karanga nyingine. Karanga ni karanga, akajiambia. Zitasagwa, zitachemshwa, na moto unaua kila kitu.

Akamwaga karanga zote kwenye ndoo ya nafaka. Kisha, ili zisionekane zimebaki, akalichukua kopo la Kibonge na kulimwaga humo humo.

"Mbaya hizo," Kibonge akasema.

"Nyamaza wewe. Zote zinasagwa."

Mashineni, mwenye mashine, mweupe kwa unga hadi kwenye kope, aliingiza mkono ndani ya ndoo akanusa.

"Binti, hizi zimechambuliwa?"

"Zimechambuliwa."

"Haya. Maana mashine haina macho. Inasaga kinachokuja."

Chiriku aliporudi, Shangazi alimuuliza swali lile lile, naye akatoa jibu lile lile. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Alikwenda akaruka kamba mpaka giza, lakini kila kamba ilipogonga chini aliisikia ikisema ko, ko.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Shangazi jikoni, mwiko mkononi, sufuria kubwa ikitokota.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona leo umekuja kimya? Unaumwa koo?"

Chiriku akatikisa kichwa. Watoto walikuwa wamekwisha kunawa mikono, wamekaa mikekani na vikombe vyao. Shangazi alikoroga polepole huku akiinusa hewa.

"Karanga za safari hii zina harufu ya ajabu," alisema. "Afadhali ulizichambua. Kuna mama mmoja jirani alikuwa anasema ukungu unaisha ukichemsha. Nikamwambia, dada, ukungu wenyewe unaweza kufa, lakini sumu yake inabaki pale pale, moto hauiondoi. Mtu mzima inamdhuru, sembuse hawa. Inawashambulia ini, inawazuia kukua. Na mtoto akila kila siku, hujui mpaka maji yamezidi unga."

 Chiriku akamtazama Kibonge, mikono yake ya njiti imekumbatia magoti.

"Shangazi," akaanza.

"Ngoja kidogo, mwanangu." Shangazi alikuwa amepakua kikombe kimoja na kukiweka kwenye benchi kando ya mlango ili kipoe. Kilikuwa cha Kibonge. Aliyetoka kuugua alikula kwanza. "Kuna nini?"

"Hakuna."

Neno lenyewe lilitoka kabla hajalituma. Mlango wa mbele ukagongwa, mama mwingine analeta mtoto, na Shangazi akaufuta mkono kwenye kanga.

"Shika mwiko, usiuache uungue. Narudi sasa hivi."

Chiriku akabaki na sufuria. Sauti ya watoto ilikuwa ikipanda, "Uji, uji," vijiko vikigonga vikombe. Akafikiri haraka, na wazo likamjia. Ikiwa sufuria ingepinduka, uji wote ungemwagika. Ajali. Angegombezwa kwa uzembe, yangekwisha, na hakuna ambaye angejua habari za karanga. Akachukua vitambaa viwili, akaishika sufuria kwa ukingo. Uji ulitoa povu, mzito, wa moto. Akavuta. Sufuria ikainama juu ya mafiga.

"Dada, kopo langu liko wapi?"

Kibonge alikuwa amesimama karibu na goti lake. Ameuvuka mstari mweupe. Uso wake ulikuwa sawasawa na ukingo wa sufuria.

Chiriku hakukumbuka baadaye jinsi alivyofanya. Alikumbuka tu kwamba aliirudisha sufuria kwa nguvu, tone la uji likamwangukia kwenye kifundo cha mkono likamuunguza, na kwamba alimsukuma Kibonge nyuma ya mstari kwa nyonga yake. Mtoto akakaa kitako, akashangaa, akaamka akaenda zake. Sufuria ilitikisika mara mbili, ikatulia.

 Chiriku aliwaza: kama angekawia kidogo tu. Kwa ajili ya kuficha uongo, angemmwagia mdogo wake uji wa moto.

Shangazi alirudi akifunga kanga vizuri. Alimkuta amesimama na vitambaa mkononi, machozi yakimtoka bila sauti.

"Umeungua?"

"Shangazi, uji usiwape."

"Kwa nini?"

"Karanga sikuchambua. Zilikuwa na ukungu, nyingi. Nilisema nimechambua, sikuchambua. Hata zile alizotoa Kibonge nilizirudisha. Na sasa hivi nilitaka kuimwaga sufuria ili usijue, Kibonge akaja, nusura nimuunguze."

 Shangazi aliitoa sufuria motoni, akaiweka chini nyuma yake, akafunika. Kisha macho yake yakaenda kwenye benchi.

Kikombe hakikuwepo.

"Kibonge yuko wapi?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo iliyomtisha Chiriku kuliko kelele.

Mkekani hakuwepo. Uani hakuwepo. Chiriku alikimbilia stoo, akarudi, akainama akachungulia chini ya meza. Kibonge alikuwa amekaa huko kama mzee kwenye baraza lake, kikombe katikati ya miguu, midomo na kidevu vimepakaa uji.

"Umekunywa?" Chiriku akamvuta nje. "Kibonge, umemeza?"

Kibonge akakunja uso. Akaonyesha kifua cha shati lake, palipokuwa na doa zito linalochuruzika.

"Chungu," akasema. "Nimetema."

Shangazi akapiga magoti akamfungua mdomo, akamsukutua kwa maji mara tatu. Kikombe kilikuwa kimejaa karibu chote. Akamkumbatia kwa muda, na Chiriku aliona mabega ya shangazi yake yakitetemeka.

"Vizuri, baba," Shangazi alimwambia Kibonge. "Wewe ndiye mwanafunzi wangu." Kisha akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya kazi. "Chiriku, jimwagie maji baridi hapo ulipoungua. Halafu tuna watoto kumi na mmoja wenye njaa. Kulia tutalia baadaye."

Ndizi mbivu haingojei moto. Shangazi alileta mkungu kutoka stoo, akaweka mayai na viazi vitamu motoni, akachemsha maziwa. Chiriku aliwapanga watoto kuzunguka mabakuli. Kila mmoja alimenya ndizi yake, akaiponda kwa kijiko, akaongezewa maziwa yaliyopoa. Binti wa fundi cherehani aliponda kwa bidii hadi ndizi ikampanda kwenye nyusi. Mayai yalipoiva yakaja yakiwa yamepozwa kwenye maji, na watoto wakabandua maganda kwa vidole vidogo, kipande hiki ukutani, kile kwenye nywele za jirani. Shangazi alikata mayai na viazi vipande vidogo vidogo, akawaambia wakae, watafune, wasicheke na chakula mdomoni. Wakala mpaka kukawa kimya. Kibonge aliomba aongezwe.

Unga wote uliobaki ulitiwa kwenye gunia. Chiriku akauliza kwa unyonge, "Je, tuwape kuku?"

"Kwani kuku hawana ini?"

Basi alichimba shimo nyuma ya nyumba, peke yake, akafukia unga na uji. Udongo ulikuwa mgumu na jembe zito. Hakuna aliyemwamuru apumzike, naye hakuomba.

Jioni wazazi walipokuja, Shangazi alitaka kuwaeleza mwenyewe. Chiriku akatangulia mlangoni.

"Niache niseme mimi, Shangazi."

Ilikuwa kazi kuliko shimo. Fundi cherehani, sindano bado imechomekwa kwenye kola yake, alimsikiliza hadi mwisho, mkono umekaza bega la binti yake.

"Mwanangu alikunywa?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyemeza."

 "Ningependa kukufinya," Fundi alisema. "Lakini ungenyamaza, nisingejua hata nimfinye nani." Akamchukua binti yake akaondoka.

Wa mwisho alipokwenda, Shangazi alikaa kwenye benchi, akapapasa nafasi kando yake. Chiriku akakaa.

"Jana nilipokuuliza," Shangazi alisema, "ungesema 'bado', ningekugombeza, ungenuna, kisha tungechambua pamoja. Ingeishia hapo. Lakini ulisema 'zimechambuliwa', na uongo mmoja ukadai wa pili, na wa pili ukataka kumwaga sufuria ya moto. Ndivyo uongo ulivyo. Hauridhiki na ulichoupa."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe ulipofungua mdomo. Sasa nisikilize. Karanga mbovu ikiwa kwenye ungo, hata mimi naiona. Ikishasagwa haichambuliki tena. Hapo macho yangu yote ni neno lako. Na mtoto mdogo hana hata hayo. Hawezi kuuliza chakula kimetoka wapi, anafungua mdomo tu. Kwa hiyo anayempikia anahitaji vitu viwili, mikono safi na ulimi wa kweli. Kimoja kikikosekana, cha pili hakisaidii."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. 

Gunia jipya la karanga lilipofika, alikaa chini na ungo. Wasichana wa nje ya uzio wakaita.

"Chiriku, bibi wa karanga, huji?"

"Nikimaliza."

Kibonge akachuchumaa kando yake na kopo. Safari hii mbovu zilikuwa chache. Kila Chiriku alipopata moja alimpa mdogo wake, naye akaikagua kwenye mwanga kama hakimu, kisha akaidondosha. Ko. Jua lilipoanza kushuka, ungo ulikuwa safi. Kibonge akalifunika kopo kwa viganja vyote viwili, akalificha nyuma ya mgongo wake.

"Usimwage," akamwambia dada yake.

"Simwagi."

Kibonge akamtazama usoni, akafikiri, kisha akampa kopo alishike.