Mlango Alioufuta Marselino

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Temeke, Yustina alikuwa keshafika bombani. Nyumba za mtaa wao zilikuwa mpya, zimepangwa kwa mistari kama madawati ya shule, lakini Serikali ya Mwingereza iliyokumbuka kujenga nyumba nyingi hivyo ilikumbuka kuweka bomba moja tu. Basi watu walipanga madebe yao chini, debe nyuma ya debe, na wakati madebe yakingoja maji, midomo haikungoja kitu.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya majigambo. Kila mtoto alieleza alikokwenda Jumapili.

"Mie jana nimekwenda bandarini," alianza Mfaume, akipanda juu ya debe lake ili aonekane. "Nimeona meli ndefu kuliko mtaa huu mzima! Ikapiga honi, mzee mmoja akaangusha kofia majini!"

"Meli kitu gani?" Tabu akabenua mdomo. "Mie nimekwenda na bibi bustanini kusikiliza beni ya polisi. Matarumbeta yanang'aa mpaka unajiona meno. Na hatukutoa hata senti." Kisha akamgeukia Yustina. "Na wewe Mngoni? Jana umeona nini? Umeona kuku wenu anataga?"

Foleni nzima ilicheka. Yustina aliona masikio yanamwaka moto. Ilikuwa mwaka wa pili tangu baba yake awalete kutoka Songea, naye hajapata kuvuka Chang'ombe. Mama yake aliuogopa mji. Alikuwa akisema, "Kule ukiinua mguu wanataka senti, ukiuteremsha wanataka senti." Basi Jumapili Yustina alikwenda kanisani, akarudi, akachambua mchele.

Lakini ulimi ukamtangulia.

"Mie nimeingia nyumba ya makumbusho," alisema.

Kicheko kikakatika. Mfaume akashuka kutoka juu ya debe.

"Ya Uzunguni? Umeingia ndani?"

"Ndani kabisa. Kuna ngoma ya mti inampita mtu mzima kwa urefu. Kuna kiti cha chifu cha miguu mitatu. Kuna na ngao ya Wangoni, ya ngozi ya ng'ombe, ina tundu la risasi. Nimetia kidole changu cha mwisho, kimeingia chote."

Vitu hivyo havikuwa vya uongo. Uongo ulikuwa macho. Aliyeviona ni baba yake mdogo, Marselino, ambaye alikuwa mfagiaji wa nyumba ile. Kila jioni alipokuja kula kwao alisimulia alichopangusa siku hiyo, na Yustina alimsikiliza mpaka ugali ukapoa.

Habari ikafika darasani kabla ya kengele. Mwalimu wao wa darasa la nne alikuwa Mwalimu Kokushubila, mwanamke mrefu kutoka Bukoba, mwenye sauti ya kupasua ukuta. Wiki nzima iliyopita alikuwa akiwaambia watoto kwamba mji huu umejaa mambo ya kuona bila kutoa kitu, nao wanakaa Temeke kama waliofungiwa. Aliposikia habari ya ngao, alipiga makofi.

"Yustina! Njoo mbele. Hebu eleza."

Yustina akaeleza. Aliposimulia tundu la risasi, darasa lote lilisema "Aaah!" kwa pamoja, na yeye mwenyewe karibu aamini kwamba alikuwako.

"Basi Jumamosi tunakwenda," alisema mwalimu. "Darasa zima, kwa miguu. Na kiongozi wetu ni Yustina, kwa kuwa ndiye anayeijua njia."

Darasa lililipuka. Watoto walirukaruka mpaka vumbi la sakafu likapanda. Yustina peke yake alibaki wima kama mti wa bendera.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. Watoto thelathini na wanne wa Kiafrika, pekupeku, katikati ya Uzunguni? Wakati ule mtu mweusi akionekana kule hana ndoo wala barua mkononi, aliulizwa anatafuta nini. Akatoa ruhusa kwa sharti moja: likitokea lalamiko lolote kutoka kule, hakuna darasa litakalotoka tena, na Mwalimu Kokushubila atajibu mwenyewe kwa maandishi. Mwalimu aliwaeleza watoto sharti hilo bila kuficha, kisha akasema, "Mie nimetia sahihi. Nawaamini nyie."

Neno hilo lilimchoma Yustina kuliko fimbo.

Mara tatu wiki ile aliukaribia mlango wa mwalimu ili aseme kweli, na mara tatu akageuka. Ijumaa jioni akamvizia baba yake mdogo alipokuwa akinawa.

"Baba mdogo, ukifika kule kazini, unaingiaje?"

"Unapita Chang'ombe na stesheni, unafuata njia ya bandari mpaka Uzunguni, kisha unapita uchochoro wa nyuma ya bustani," alijibu Marselino, "unaona mlango wa kijani. Unagonga mara mbili."

Yustina alishusha pumzi. Kumbe ni rahisi! Ataongoza, watagonga, wataingia, na hakuna atakayejua kamwe.

Jumamosi walitoka na umande. Kila mtoto alikuwa na kiazi kitamu kwenye kitambaa, na Mfaume alikuwa na viwili na bado alilalamika. Waliimba kupita Chang'ombe, wakaingia Gerezani, na walipokaribia stesheni, mwalimu akawasimamisha kwenye uzio. Gari moshi la kwenda bara lilikuwa linawasha moto. Moshi ulipanda, chuma kikalia, na mara lile dude zima likatikisika na kuanza kwenda, na watoto wote wakakimbia nalo sambamba na uzio wakipunga mikono, wakawapungia watu wasiowajua hata mmoja.

"Limetutoza nini?" aliuliza mwalimu, watoto wakitweta.

"Hakuna!" walijibu wote.

Wakafuata njia ya bandari. Waliona winchi ikining'iniza magunia ya katani hewani, na Tabu, aliyejifanya ameona kila kitu, alisahau kufunga mdomo. Mfaume alianza kuhesabu madirisha ya meli, akachanganyikiwa, akaanza upya, akavutwa shati. Wakapita chini ya miti ya Uzunguni, ambako barabara ilikuwa na kivuli pande zote mbili. Temeke hakuna aliyewapandia hata mti mmoja. Mwalimu aliwaonyesha kwa kidole, akasema, "Kumbukeni mlichokiona hapa," akasonga mbele.

Yustina aliona lango kubwa la bustani, akaona na nyumba nyeupe yenye ngazi pana. Moyo wake ulimwambia ni hiyo. Lakini yeye aliambiwa uchochoro. Akakata kona. Wote thelathini na watatu wakamfuata, na mwalimu nyuma yao, wakapita kati ya ukuta na mapipa ya taka mpaka penye mlango wa kijani.

Akagonga mara mbili. Kimya. Akagonga tena.

Mlango ulifunguka, akatoka bawabu mwenye kofia nyekundu, jina lake Fransis. Aliwatazama watoto kama mtu aliyekuta siafu jikoni.

"Nini hii? Nani kawaleta huku? Huu ni mlango wa mafagio na ndoo! Mwalimu, shule gani? Nipe jina lako, niandike. Hapa ofisini kuna wakubwa, wakisikia makelele haya itakuwa mashitaka."

Mwalimu Kokushubila alimtazama Yustina. Hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Yustina," Tabu alisema kwa sauti ya kusikika, "siku ile uliingia kwa mlango huu au kwa dirisha?"

Watoto wengine walianza kucheka, lakini kicheko kikafa, kwa sababu bawabu alikuwa keshatoa penseli mfukoni. Yustina aliitazama ile penseli. Aliona safari zote ambazo hazitakuwako. Aliona jina la mwalimu likiandikwa kwa kosa ambalo si la mwalimu. Akapiga hatua mbele.

"Usimwandike mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaleta. Sijapata kuingia humu hata siku moja. Nilidanganya. Habari zote nimeambiwa na baba yangu mdogo, na mlango huu nimeambiwa na yeye."

"Baba mdogo nani?"

"Marselino. Anafagia humu."

Penseli ilisimama. Uso wa bawabu ukapasuka kwa kicheko.

"Marselino! Mtani wangu! Mie Mnyamwezi wa Tabora, mtoto, na baba yako mdogo ni mtumwa wangu tangu enzi za babu." Akageuza kichwa ndani. "We Mngoni! Toka huko uone kabila lako limekuja kunivamia, kama kawaida yenu!"

Marselino alitoka na kitambaa begani, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alipomwona mwalimu, akainama kidogo. "Habari za safari, mwalimu." Kisha akamwona Yustina analia, na bawabu akamweleza.

"Sasa ndugu," aliuliza Mwalimu Kokushubila, "watu wanaokuja kutazama wanaingilia wapi?"

"Mbele, mwalimu. Kwenye ngazi."

"Mbona hukumwambia mtoto?"

Marselino alishangaa. "Aliniuliza mie naingiaje. Mie naingia hapa. Mlango wa mbele naufuta tu. Asubuhi naufuta, jioni naufuta. Sijapata kuupita."

"Kwa miaka mingapi?"

"Minane."

"Kuna aliyekukataza?"

Marselino alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Hapana," alisema mwishowe. "Hakuna aliyenikataza. Na hakuna aliyeniambia pita."

"Zamu yako inakwisha saa ngapi?" aliuliza mwalimu.

"Leo Jumamosi, imekwisha sasa hivi."

"Basi nawa miguu, ushushe suruali. Wewe ndiye kiongozi wetu."

Wakazunguka wote mpaka mbele. Kando ya ngazi palikuwa na kibao, kwa Kiingereza na chini yake kwa Kiswahili, na mwalimu akamwambia Yustina akisome kwa sauti. Yustina akapangusa machozi, akasoma: "Nyumba hii iko wazi kwa watu wote. Hakuna kiingilio."

"Rudia neno la sita na la saba."

"Watu wote."

"Bwana Fransis," mwalimu alimwambia bawabu aliyekuwa amewafuata, "sisi si watu?"

Bawabu alikuna shingo chini ya kofia yake. Alitazama kibao alichokilinda miaka yote. "Watu, mwalimu," alisema, akaushika mlango mkubwa kwa mikono miwili na kuufungua. "Ila huyo Mngoni mmoja nina shaka naye."

Marselino alipanda ngazi wa kwanza. Kwenye kizingiti alisimama, akainua mguu juu kabisa kana kwamba kuna maji, akavuka.

Ndani watoto walipagawa. Ngoma ya mti ilikuwako, ndefu kuliko hata walivyosikia, na Mfaume alijipima nayo akashindwa. Kiti cha chifu kilikuwako. Marselino alieleza kila kitu kilitoka wapi, maana alikipangusa kila kimoja kwa miaka minane na alisikia kila mgeni alichoambiwa. Mzungu mmoja mwenye miwani alisimama nyuma ya watoto, akasikiliza, akasahau kuondoka.

Mwisho wakaifikia ngao. Ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, ambalo wapangusaji tu ndio waliolifungua.

"Hii ilichukuliwa kwetu wakati wa vita vya Maji Maji," Marselino alisema taratibu. "Mwenyewe hakuiuza. Tundu hilo mnaliona. Babu yangu alikuwa akisema, waliopigana siku hizo walikuwa vijana wa juzi tu, sauti hazijawakaa sawa."

Yustina aliweka kidole juu ya kioo, mahali penye tundu. Kioo kilikuwa baridi. Safari hii alikuwa anaona kwa macho yake.

"Mwalimu," Mfaume aliuliza walipotoka na kukaa kwenye ngazi kula viazi, "mbona hawatozi? Ni bure kweli?"

"Bure nani kakwambia?" Mwalimu alimenya kiazi chake. "Baba yako analipa kodi ya kichwa kila mwaka, asipolipa anakamatwa. Bustani ile, beni ile, nyumba hii, vimetoka humo humo. Mmekwisha kutozwa kabla hamjazaliwa. Mtu akikuuliza unatafuta nini huku, mwambie umekuja kutazama mali yako."

Kisha akamgeukia Yustina, ambaye alikuwa amekaa mbali kidogo na wenzake.

"Njoo hapa. Unajua kosa lako?"

"Nilidanganya, mwalimu."

"Kuambiwa na baba mdogo hakukuwa aibu. Ungesema bombani, 'Mie sijaenda, ila baba yangu mdogo ameniambia,' tungemwalika Marselino shuleni, na asubuhi ya leo tungepita mlango huu kwa vichwa juu. Ulimficha yeye ili uonekane wewe, na nusura utufungie mlango sote. Ukweli wako ulichelewa, lakini ndio uliotuingiza. Kwa hiyo adhabu yako ni hii: Jumatatu utasimama palepale bombani uliposema uongo, useme kweli, mbele ya foleni nzima."

Na Jumatatu Yustina alisema. Alipomaliza, Tabu akasogeza debe lake kumpa nafasi.

"Haya, na hiyo ngao sasa," Tabu alisema. "Ile uliyoiona kweli. Anza mwanzo, maji bado."

Jumapili iliyofuata, Marselino alikwenda mjini na mama yake Yustina, aliyeogopa mji, na majirani kumi na mmoja. Bawabu aliwaona kwa mbali, akafungua mlango kabla hawajafika kwenye ngazi.