Safari Aliyoikataa Bwana Laiti

Sogeeni, ndugu zangu, niwasimulie habari za kinyozi mmoja. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, wala hakulala nje hata siku moja, na bado nusura aivunje nyumba yake kwa maneno ya mdomo wake.

Ilikuwa Jumamosi alasiri na duka lake lilikuwa limetulia. Feni ilizunguka taratibu, taulo zilikuwa zimekunjwa vizuri, na chumba kizima kilinukia pauda na spiriti. Redio ilipiga wimbo wa zamani wa bendi moja iliyowahi kuvuma sana. Kinyozi akasimamisha mkasi hewani.

"Hapo! Hapo ndipo ningeingia mimi. Msikieni huyo anavyopuliza, utadhani ana kikohozi!"

Wateja wakacheka. Walikuwa wameyasikia hayo mara mia, tena wengine walikuwa wakimchokoza makusudi ili aanze. Ndio waliompa jina la Bwana Laiti. Alipokuwa kijana alipuliza tarumbeta hadi watu wakaacha shughuli zao kumsikiliza. Bendi ile ilipopita mjini ikamsikia, ikamwandika jina. Lori la bendi liliondoka bila yeye. Wenzake wakazunguka nchi hata nchi, na yeye akabaki kunyoa ndevu za watu. Laiti angeondoka nao! Laiti mke asingekuwa mjamzito mwaka ule! Wimbo huo mkewe aliupata kwa chai ya asubuhi na chakula cha jioni, miaka ishirini na mitatu mfululizo. Mnaomcheka, jichunguzeni. Kila nyumba ina Bwana Laiti wake.

Sasa, kinyozi hufanya kazi akitazama kioo. Mtu akiingia mlangoni, humwona bila kugeuza shingo. Lakini siku hiyo taa ya juu ya kioo ilikuwa imeungua, na mwalimu mmoja mstaafu alitaka kunyolewa ndevu kwa wembe. Bwana Laiti akakigeuzia kiti dirishani apate mwanga. Kioo kikabaki mgongoni mwake, na mlango pia.

"Nasikia binti yako anaondoka Jumatatu," mwalimu alisema huku akipakwa povu. "Fundi umeme kamili, tena kapata kazi kwenye mitambo ya maji. Hongera, umelea."

"Ahsante, mwalimu. Lakini nikuambie ukweli?" Bwana Laiti akamwinua kidevu na kuuweka wembe shingoni. "Mtoto huyu ndiye aliyenifungia njia. Angechelewa kidogo tu kuingia tumboni mwa mama yake, leo usingenikuta hapa. Laiti asingekuja mwaka ule!"

Mwalimu alikuwa ametazama mlango. Akatoa macho, akapandisha nyusi, akakunja uso. Kusema hakuweza, maana wembe ulikuwa kooni. Bwana Laiti akadhani ni povu linamwasha.

"Vumilia, namaliza."

Alipogeuka kuchukua taulo, alimwona kifunguamimba wake amesimama karibu na benchi. Binti aliweka bakuli la chakula chini polepole.

"Chakula hicho, Baba. Mama amesema ule kabla hakijapoa."

Akaondoka. Hakupiga kelele, hakulia, hata mlango hakuubamiza. Bwana Laiti alishika taulo asijue la kuifanyia.

Aliporudi nyumbani jua likiwa bado juu, chumba cha binti kilikuwa kitupu. Mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani.

"Yuko wapi?"

"Kwa shangazi yake. Amesema ataondokea huko huko."

"Bila kuniaga?"

"Ameniuliza swali moja tu, Baba watoto. 'Mama, kwani nilimkosea Baba nini?'"

"Mimi nilikuwa napiga soga tu, Mama watoto. Si unajua mambo ya dukani!"

"Soga ya miaka ishirini na mitatu?" Mkewe akaiacha nguo. "Nikuulize. Begi lako la safari lilifungwa na nani?"

Bwana Laiti akaegemea mlango.

"Nililifunga mimi, na tumbo langu la miezi minane. Nikakuambia nenda, mama atakaa nami mpaka nijifungue. Ukaenda mpaka kwenye lori. Mara nakuona unarudi, begi begani. Nikakuuliza umesahau nini. Ulinijibuje?"

Alikumbuka, na uso ukamwaka kwa aibu.

"Nilisema sitaki kuambiwa kwa barua kwamba nimepata mtoto."

"Basi. Siku ile nilikupenda kuliko siku zote. Kesho yake ukaanza kunung'unika, na mpaka leo hujanyamaza."

Ndugu zangu, alikuwa amekisimulia kisa hicho mara nyingi sana, akipunguza hapa na kuongeza pale, mpaka yeye mwenyewe akasahau kwamba alirudi kwa miguu yake. Aliketi kwenye kitanda cha bintiye. Miaka yote alikuwa akilitamani tarumbeta. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alimtamani mtu: sauti yake ukumbini, viatu vyake vyenye vumbi mlangoni, hata mazoea yake ya kuacha nyaya na bisibisi kila mahali. Na mtu huyo alikuwa amebakiza siku moja tu mjini.

Jumapili asubuhi akavuka mji kwa miguu mpaka kwa dada yake. Alimkuta binti anapiga pasi. Binti alimwamkia kwa heshima zote, kisha akaendelea na kazi yake. Heshima hiyo ilimkata maini kuliko matusi.

"Mwanangu, sikuja kusema nilikuwa natania," alisema akiwa bado amesimama. "Sikutania. Tarumbeta nalitamani mpaka leo. Nikisikia wimbo ule moyo unaniuma, na huenda nitazeeka na maumivu hayo. Lakini hakuna aliyenifungia njia. Nilifika kwenye lori, nikarudi mwenyewe. Nilichagua. Baadaye wenzangu walipovuma nikaona aibu kwamba nilichagua, nikakusingizia wewe, na siku niliyochagua wewe hata kuzaliwa ulikuwa bado."

Binti akaisimamisha pasi.

"Baba, ungerudishwa leo kwenye siku ile, ungepanda lori?"

Alitaka kujibu harakaharaka, akajizuia. Binti huyu hangekubali jibu la kumridhisha tu. Akaufikiria muziki, majukwaa, na miji ambayo hangeiona tena. Akaifikiria pia asubuhi moja aliposimama nje ya mlango uliofungwa, akasikia kilio chembamba cha mtoto aliyezaliwa.

"Ningeumia kama nilivyoumia," alisema. "Na ningerudi."

Binti aliinamisha kichwa. Chozi likadondokea nguo aliyokuwa ameinyoosha, akalipitishia pasi.

"Keti, Baba," alisema. "Nimalizie hii, halafu unisindikize kwa Mama."

FUNZO

Ndugu zangu, kukumbuka ulichoacha si kosa, na kukitamani si dhambi. Moyo hauamrishwi. Kosa ni kuugeuza uamuzi wako kuwa hatia ya mwingine. Ulichagua ukiwa na akili zako, kwa mapenzi uliyokuwa nayo siku hiyo, basi kubali kwamba ulichagua, upatane na siku hiyo. Kila unaposema "laiti", mkeo anasikia, mumeo anasikia, na mtoto wako anajiuliza kama yeye ndiye kosa lenyewe. Mwambieni leo, angali nyumbani, kwamba siye.