Kitambaa cha Kupokelea Simu

Katika nyumba ya mama mshonaji, simu ilipokelewa kwa kitambaa. Msicheke. Mabaki ya vitambaa yalijaa tele chini ya meza, na simu ile ilikuwa inauma. Ukigusa chuma chake, mkono unasisimka mpaka kwenye kiwiko.

"Ina pilipili," mumewe alikuwa akiwaambia wateja. Wateja wakacheka, wakazoea.

Zamani haikuwa hivyo. Binti yao aliishi mji wa mbali, naye alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Mama hali wala halali, anangoja habari. Lakini kwa kelele za cherehani, simu ikilia hasikii. Basi mumewe akanunua taa ndogo. Waya mmoja unachomekwa kwenye umeme, wa pili kwenye simu. Simu ikilia, taa inawaka. Mama alifurahi kupita kiasi. Pilipili ilianza siku hiyohiyo, lakini nani angeishuku taa nzuri namna ile?

Asubuhi moja fundi wa simu akabisha hodi, kofia ngumu kichwani.

"Shikamoo mama. Majirani wanalalamika simu zao zinakoroma. Nimepima waya kule juu ya nguzo, nimekuta umeme wa ukutani. Unatokea hapa kwako."

"Marahaba mwanangu. Labda ni simu yetu. Inauma kidogo. Chukua kitambaa."

Fundi akakitazama kitambaa, akamtazama mama, akashindwa kujizuia kucheka. Kisha akakunja uso.

"Mama, kitambaa hiki kikilowa jasho tu, umekwisha. Na mimi nisingepima kwanza, ningeshuka kwenye nguzo kama gunia."

Mama akakiweka kitambaa mezani, akakaa. Kumbe katika kumngoja mjukuu wake, nusura aue mtoto wa mwenzake.

Fundi akaufuata waya wa simu mpaka kwenye taa, akazima swichi ya ukutani. Akaichomoa taa kwenye umeme, kisha kwenye simu. Akaigeuza.

"Waya wa simu hubeba umeme hafifu. Huu wa ukutani ni mkali. Kifaa kinachounganishwa na vyote viwili lazima kiwe na kizuizi ndani, ili umeme huu na ule usikutane. Kikipimwa kikafaa, hupigwa alama ya ukaguzi. Hapa mgongoni unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi msiichomeke tena, wala msiifungue. Mrudishieni muuzaji."

"Na mjukuu wangu je? Nitasikiaje?"

"Nitakaa na simu mimi," mumewe akasema kwa aibu. "Pilipili niliileta mwenyewe."

Akakaa siku mbili kama karani wa ofisi. Siku ya tatu akaenda dukani, akaigeuzageuza kila taa mpaka muuzaji akamuuliza amepoteza nini. Akarudi na yenye alama. Fundi akaipima, akaridhika. Simu za majirani nazo zikaacha kukoroma.

Mchana mmoja, cherehani zikinguruma, taa ikawaka. Mama akaokota kitambaa kwa mazoea, akakimbia. Akakumbuka. Akainua simu kwa mkono mtupu.

Haikuuma hata kidogo.

"Mama," binti yake akasema, "umepata mjukuu wa kike. Sote wazima."

Mumewe akamwona amesimama, anacheka, anajifuta machozi kwa kile kitambaa.