Bolti ya Sita

Mkono wa chuma ulishuka juu ya pikipiki ya theluji yenye kibanda, ukagonga bolti mara tatu, ukasikiliza. Kwa mlio tu ulijua kutu imeingia kiasi gani. Ukapuliza mwali mwembamba wa gesi mpaka chuma kikaiva, ukadondosha mafuta, kisha ukaanza kuzungusha: nyuma kidogo, mbele kidogo, bila papara.

Roboti hiyo iliitwa fundimkono. Aliyeiunda ni Aikande, mhandisi wa kituo cha Kibo, ambako kwa miaka thelathini mitambo ilikuwa ikiirudishia Kilimanjaro barafu yake. Haikuwa na kitufe hata kimoja. Ilimtii yeyote aliyeisemesha kwa Kiswahili, na hilo Aikande alijivunia kuliko shahada yake.

"Ya tano hiyo, imetoka!" alisema Ombeni, dereva, aliyesimama na Aikande karakanani. "Bado moja."

Redio ilikwaruza. "Shemeji, mnatengeneza au mnapika?"

Alikuwa Eliamani, mpima barafu, mume wa dada yake Ombeni. Asubuhi hiyo alitumbukia kwenye ufa na kuvunjika mguu. Koti lake la joto lilibakiwa na chaji ya nusu saa. Pikipiki za umeme zilikuwa zimeganda betri, na hii kuukuu ya mafuta ilikuwa na egzosi iliyopasuka. Kuiendesha hivyo kulikuwa kujifungia na moshi wa sumu ndani ya kibanda cha dereva. Egzosi mpya ilikuwa tayari mezani. Ya zamani ilishikiliwa na bolti sita.

"Tulia, shem," Ombeni alijibu. "Nikifika nitakubeba kama bibi harusi."

"Usiniangushe tu. Mwanamke yule atakuua."

Bolti ya sita ilikataa. Fundimkono iliipasha moto tena, ikaibana, ikavuta. Ghafla bolti ikalia kwi! Ilikuwa imesogea unywele mmoja.

"Inakuja!" Ombeni aliruka. "Kaza, bwana! Kaza!"

Mkono ukasimama.

"Hapana, legeza!" Aikande alipiga kelele, lakini mkono ulikuwa umeshageuka upande wa pili kwa nguvu zake zote. Tak! Kichwa cha bolti kikaanguka sakafuni.

"Nimekaza," ilisema fundimkono kwa upole. "Bolti imekatika."

Kutoboa kipande kilichobaki kulichukua dakika arobaini. Katika dakika ya ishirini na nane Eliamani aliuliza kama jua limetoka. Ombeni akamwambia limetoka. Baada ya hapo redio haikusema tena.

Adhuhuri Ombeni alirudi na mzigo wake umefunikwa turubai. Alikaa juu ya ndoo karakanani, simu mkononi, bila kuipiga.

"Nitamwambia nini? Kwamba ni mdomo wangu?"

"Si mdomo wako," alisema Aikande. "Ulisema kama watu wanavyosema. Mimi niliifundisha Kiswahili cha kwenye vitabu vya mafundi. Humo kukaza ni kukaza bolti tu. Sikuwahi kuileta iketi na watu, iwasikie wakitiana moyo."

Machozi yalimdondoka Ombeni kwenye glavu.

Aikande alichuchumaa mbele yake, akaichukua ile simu taratibu.

"Dada yako anaitwa nani?"

"Ndeshi."

Akalitafuta jina, akabonyeza. Simu ikaita mara moja tu, ikapokewa.

"Ombeni! Mmempata?"